Injini iliyofufuliwa haitaki kubembelezwa

SWALI

Assalaam alaykum, na shikamoo fundi. Mimi niko Wete, Pemba. Baba ana Land Cruiser FJ60 ya mwaka 1984, injini ya 2F, iliyokuwa ikila oili na kutoa moshi. Bloku tuliivusha hadi Dar es Salaam ikakerezwa, tukanunua pistoni za ovasaizi na ringi mpya. Kamshafti imesagwa upya na tapeti zote ni mpya. Fundi wetu ameshaifunga. Anasema siku ya kuiwasha tuiache ingurume polepole tangu asubuhi hadi Magharibi, kisha kwa kilomita elfu moja nisizidishe mwendo wa 40. Ami yangu naye anataka tutie oili ya sinthetiki ya bei kubwa tangu siku ya mwanzo, eti injini mpya inastahiki oili bora. Gari tunaitaka kabla ya msimu wa karafuu. Nimfuate nani?

JIBU

Waalaykumu salaam, na marahaba mwanangu. Kwa siku ya kwanza usimfuate hata mmoja, ingawa wote wawili wanaitakia kheri injini yenu. Kuiacha ingurume kutwa nzima ndiyo njia ya haraka ya kuila kamshafti, na oili ya sinthetiki siku ya mwanzo inaweza kuzinyima ringi msuguano zinaouhitaji.

Ndani ya injini hiyo mna jozi mbili za vyuma vinavyotakiwa kuzoeana kwa kusuguana, na kila jozi ina matakwa yake. Kamshafti na tapeti zinataka mzunguko wa kasi bila mzigo, na zinautaka tangu sekunde ya kwanza. Ringi na kuta za silinda zinataka mzigo, nao zitaupata barabarani. Sailensa, yaani injini kunguruma bila kukanyagwa, haizipi hizi wala zile. Beringi za krankshafti usizihangaikie. Zikifungwa kwa nafasi sahihi zinaelea juu ya oili, hazihitaji kusagana na kitu.

Fundi wako usimdharau. Huo mwendo wa 40 hakuuzua yeye. Zamani silinda zilikwaruzwa kwa kina, pistoni zilibana na oili ilikuwa dhaifu, na watengenezaji wenyewe waliandika hivyo vitabuni. Waliojifunza kazi kwa wazee wa wakati huo wameurithi ushauri ule kama ulivyo.

Nianze na kamshafti, kwa sababu yenyewe haikupi nafasi ya pili.

Kila nundu ya kamshafti inainua tapeti yake, tapeti inasukuma pushirodi, pushirodi inasukuma roka, na roka inafungua valvu. Chini ya tapeti, pale inapokanyagwa na nundu, jicho linaona uso bapa. Si bapa. Umetuna kidogo sana katikati, na nundu nayo imesagwa na mteremko mdogo, tena haigusi tapeti katikati hasa. Kwa hiyo kila nundu inapopita, tapeti inazunguka kidogo ndani ya tundu lake. Mzunguko huo ndio unaotawanya msuguano. Tapeti ikigoma kuzunguka, nundu inaikwaruza mahali pamoja tu, na dakika chache zinatosha kuanza kuliwa. Baada ya hapo valvu haifunguki sawasawa, na unga wa chuma unatembea na oili kuelekea kwenye beringi zako mpya.

Sasa angalia oili inafikaje hapo. Hakuna bomba linaloipeleka kwenye nundu kwa presha. Nundu zinaishi kwa oili inayorushwa na krankshafti na konrodi zikizunguka. Kwenye sailensa kinachorushwa ni kidogo. Zaidi ya hayo, injini ikizunguka polepole nguvu yote ya springi ya valvu inaikandamiza ncha ya nundu; ikizunguka kasi, uzito wa vyuma vinavyopanda na kushuka unapunguza ule mkandamizo pale nchani. Kwa hiyo kwenye sailensa oili ni chache na mkandamizo ni mkubwa, na fundi wako anataka iwe hivyo hadi Magharibi.

Kamshafti yako imesagwa upya, na hilo linaongeza sababu ya kuwa makini. Kamshafti nyingi mpya hutoka kiwandani na ngozi nyeusi ya fosfati inayoshika oili. Mashine ya kusaga inaiondoa ngozi hiyo na kuacha chuma kitupu kinachong'aa, na aghalabu hairudishwi. Chuma kinachong'aa kinapendeza, lakini hakishiki oili.

Kwa kuwa injini imeshafungwa, mwulize fundi mambo mawili. La kwanza, je, alipaka pasta ya kamshafti, ile nyeusi yenye molibdeni, juu ya kila nundu na chini ya kila tapeti? Kama alipaka oili tupu, au Mungu apishe mbali, grisi ya magurudumu, bado hujachelewa. 2F ina kifuniko cha pembeni mwa bloku. Fungua kifuniko cha roka, toa shafti ya roka na pushirodi kwa mpangilio wake, kisha tapeti zinatoka kwa pembeni bila kugusa silinda hedi. Kila moja irudi kwenye tundu lake. Zikiwa nje, weka ukingo wa rula juu ya uso wa tapeti na uielekeze kwenye mwanga: rula iguse katikati na mwanga upenye pembeni kidogo tu. Ikiwa mwanga unapita katikati, tapeti hiyo ina shimo, irudishe dukani. Nayo kila tapeti izunguke kwa kidole ndani ya tundu lake bila kukwama. Pasta ni ya nundu na tapeti peke yake. Ringi na kuta za silinda zinatosheka na oili ya kawaida nyepesi.

La pili, silinda zilioshwa kwa nini baada ya kukerezwa? Jibu zuri ni maji ya moto na sabuni, brashi, kisha kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke cheupe. Petroli haiondoi mchanga wa jiwe la kuhoni, yaani jiwe linalokwaruza kuta za silinda baada ya kukerezwa, inauzamisha tu ndani ya michirizo. Na maji yawe baridi, yaani yasiyo na chumvi. Visima vingi vya pwani kwetu havifai kwa kazi hii. Kama injini imekaa wiki kadhaa kwenye hewa ya bahari ikingoja kifaa kutoka Kariakoo, toa plagi, mimina kijiko cha oili kila silinda na uizungushe kwa mkono kabla ya lolote. Silinda iliyotoka kuhoniwa inashika kutu upesi kuliko mnavyodhani.

Sasa siku yenyewe. Shabaha ni injini iwake mara moja na ipande kasi papo hapo. Kusaga stata kwa muda mrefu, huku mtu anahangaika na waya za plagi, kunafuta pasta yote kabla injini haijapata oili. Kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla ufunguo haujaguswa. Kabureta ijazwe petroli. Betri iwe na nguvu. Taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga moto, iwekwe injini ikiwa imesimama: silinda ya kwanza iwe kwenye kukandamiza, na kigololo cha chuma kwenye flaiwili kionekane katika kidirisha chake, maana kigololo hicho ndicho alama ya nyuzi 7 kabla ya pistoni kufika juu. Mpango wa moto, yaani zamu za silinda kupiga moto, ni 1-5-3-6-2-4. Uhakikishe kwa macho yako, waya kwa waya.

Pampu ya oili ya 2F inaendeshwa na ncha ya distributa. Hiyo ni neema. Toa distributa baada ya kutia alama mahali ilipokaa, ingiza bisibisi ndefu iliyokatwa mpini na kufungwa kwenye drili, uizungushe pampu kwa uelekeo uleule ambao rota ya distributa huzungukia. Geji ya oili ikipanda, endelea huku mwenzako anaizungusha injini taratibu kwa spana, mpaka uone oili inatoka kwenye roka zote. Kisha rudisha distributa na uhakikishe imekaa kwenye mfereji wa pampu. Wapo wanaotoa plagi na kusaga stata mpaka presha ipande. Inafanya kazi kwa beringi, lakini kwa kamshafti mpya siipendi.

Rejeta ijae na hewa itoke. Na kama kuna mtu ametoa themostati, airudishe. Najua mafundi wengi wa visiwani wanaiona themostati ni kitu cha nchi za baridi. Injini isiyo nayo inachelewa kupata moto, petroli isiyoungua inaosha kuta za silinda, na ringi zinakaa vibaya. Injini yako inatakiwa ifike nyuzi 80 na kitu na ibaki hapo. Maji ya rejeta nayo yasiwe ya kisima cha chumvi. Chukua yaliyotoneshwa, pamoja na kulanti.

Oili ya siku hiyo iwe ya kawaida, isiyo sinthetiki, yenye zinki na fosforasi ya kutosha, kwa sababu viungo hivyo viwili ndivyo vinavyotengeneza utando kati ya nundu na tapeti pale oili inapobanwa na kukimbia. Hapa ndipo oili ya ami inapokosea mara ya pili. Tangu daraja la ubora wa oili liitwalo SM lilipotoka mwaka 2004, oili nyepesi za magari ya petroli zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08, ili isiharibu kichujio cha moshi cha magari mapya. Magari mapya hayana tapeti za aina yako. Gari yenu ndiyo inayoumia. Oili iliyo rahisi kupatikana Wete au Chake ni ile ya malori ya dizeli, 15W-40 ya daraja la CI-4. Hiyo haina kikomo kile, na kwa kawaida ina fosforasi nyingi zaidi. Ukipata chupa ya nyongeza ya kuzoeshea injini, itie kwa kipimo kilichoandikwa na usizidishe, maana fosforasi ikizidi kiasi nayo inakula chuma. Injini hii inataka takriban lita 8 pamoja na filta, basi nunua za mara mbili kabisa.

Injini ikiwaka, usiiache kwenye sailensa hata kwa kuisikiliza. Ipandishe hadi mizunguko 2,000 kwa dakika na utazame geji ya oili. Presha isipopanda ndani ya sekunde chache, zima. Ikipanda, punguza choki mapema kadiri injini itakavyokubali, na kwa dakika 20 hadi 30 ichezeshe kati ya 1,500 na 2,500, muda mwingi ikiwa juu ya 2,000. Kuichezesha kunabadilisha namna oili inavyorushwa, na nundu zote zinapata. Mtu mmoja awe kwenye kikanyagio, mwengine atazame chini kwa uvujaji, na feni kubwa au mpira wa maji viwe mbele ya rejeta, maana gari imesimama na joto la Pemba mnalijua. Bomba la moshi likianza kuwaka jekundu, taimingi imechelewa au petroli ni kidogo, zima urekebishe. Jambo lolote likitokea, joto kupanda, kugonga, kuvuja, zima kabisa. Usiishushe kwenye sailensa ukidhani unaipumzisha. Rekebisha, washa, endelea na dakika zilizobaki.

Dashibodi ikiwa haina kipimo cha mizunguko, azima kwa mafundi wa mashine za boti. Ukikosa, tumia simu. Injini ya silinda sita inapiga moto mara tatu kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 2,000 mlio wake ni hezi 100, na kwenye 2,500 ni hezi 125. Programu yoyote ya kutunia ala za muziki itakuonesha. Na kama mtaani kwenu yupo mpiga selo wa taarabu, mwite asikilize: uzi wake wa G, kwa tuni ya kawaida, ni hezi 98, karibu kabisa na mlio wa mizunguko 2,000. Nasema kwa utani, lakini hesabu ni ya kweli.

Nusu saa ikitimia zima, mwaga oili ikiwa ya moto, na ubadilishe filta. Filta ya zamani ikate kwa tindo upande wa nje, kunjua karatasi yake juu ya gazeti juani. Unga wa kijivu laini ni jambo la kawaida, na utelezi mweusi ni pasta. Vipande vinavyometa vinavyoshikika kwa sumaku si vya kawaida. Kisha injini ingali moto pima nafasi za valvu: 0.20 mm kwa za kuingiza, 0.35 mm kwa za moshi. Ziandike zote kumi na mbili kwenye karatasi na uitunze ndani ya gari. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maneno ya fundi yeyote, nami nikiwemo. Ukipima tena baadaye na ukakuta valvu moja nafasi yake imepanuka sana huku wenzake hawajabadilika, nundu yake inaliwa, na utaijua kabla ya kuisikia. Boliti za silinda hedi zikazwe tena au zisikazwe kulingana na gasketi mliyonunua. Soma karatasi yake.

Kamshafti hapo imeshamaliza haja yake kubwa. Zilizobaki ni ringi, na hizi zisichelewe. Ukuta wa silinda uliohoniwa una michirizo inayopishana, kama tupa nyororo sana, na ringi zinajipatia umbo kwa kusuguana nayo kabla haijalainika. Kinachoibana ringi dhidi ya ukuta si uchanuzi wake peke yake. Ni gesi ya moto inayopita nyuma yake na kuisukuma nje. Mwendo mdogo, gesi kidogo, ringi haibani, na oili inayobaki ukutani inaungua na kuwa kioo. Silinda ikishakuwa kioo, ringi hazitakaa tena hata uendeshe mwaka mzima, na dawa ni kufungua injini na kuhoni upya. Ndiyo hatima ya huo mwendo wa 40.

Wewe uko Pemba, na hapo umetuzidi sisi wa Unguja. Huku tukitoka mjini kwenda Paje barabara ni tambarare, mzigo wa injini unautafuta kwa kukimbia. Kwenu vilima vinaanza mlangoni. Toka asubuhi mapema, watoto wa skuli hawajaingia barabarani, ushike njia ya kwenda Chake. Acha injini ipate moto kamili kwa mwendo wa kawaida. Kisha ukifika mlimani ukiwa kwenye gia ya tatu, kanyaga kama robo tatu ya kikanyagio, iache ivute ipande bila kugonga, na ukifika juu achia mguu kabisa, gari ikiwa ndani ya gia ileile, iteremke ikijizuia yenyewe. Kwenye kupanda, gesi inazibana ringi. Kwenye kuachia, mvuto ndani ya silinda unapandisha oili kidogo inayopoza na kuosha chembe zilizokatika. Rudia kilima baada ya kilima, ukiiacha ipoe kidogo katikati kwa mwendo wa kawaida. Hakuna haja ya kuvuka 80, na penye nyumba mwendo wa sheria unabaki wa sheria. Nataka mzigo, sikutaka mbio.

Kwa kilomita 800 za mwanzo, badilibadili mwendo, usishikilie mwendo mmoja safari nzima, na usiiache ikinguruma mbele ya duka huku unapiga soga. Usivute gari nyengine. Magunia ya karafuu machache hayadhuru, lakini gari iliyojaa hadi juu ya keria isubiri. Tazama oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mwanzoni itapungua, na hilo lisikutie wasiwasi. Linalotakiwa ni kasi ya kupungua iwe inashuka wiki hadi wiki. Kwenye kilomita 800 mwaga oili tena, badilisha filta, pima valvu na ulinganishe na karatasi yako.

Moshi wa buluu ukitoka unapopanda mlima na hauishi baada ya kilomita 1,500, ringi hazijakaa. Ukitoka pale tu unapokanyaga baada ya kuteremka mlima mrefu, tazama mihuri ya valvu na gaidi zake, yaani vijibomba vinavyoongoza shina la valvu, maana oili inavutwa kutoka juu. Kabla ya kumlaumu mtu pima kompresheni ya silinda zote sita, kikanyagio kikiwa chini kabisa. Zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Iliyo chini itie kijiko cha oili upime tena: ikipanda, tatizo ni ringi, isipopanda, ni valvu au gasketi.

Fundi wako awepo siku ya kuwasha, na yeye ndiye aweke taimingi. Mwoneshe jibu hili siku moja kabla, si injini ikishawaka watu wakaanza kubishana huku inanguruma polepole. Na ami mwambie ahifadhi pesa zake hadi kilomita 5,000. Wakati huo akitaka sinthetiki anunue, madhali ni 15W-40 au 20W-50 na zinki imo.